Jina la biashara lisilo na muhuri halifiki sokoni

KARATU ni soko linalouza sehemu kubwa ya mali yake kwa watu wasioiona. Kitunguu cha Mang'ola kina nafuu, maana dalali hufika shambani, hufungua gunia, hupima kwa macho na kwa mkono, ndipo bei itajwe. Kahawa ya Oldeani nayo huonjwa kabla ya kununuliwa. Lakini kitanda cha loji iliyoko Ganako au Rhotia, gari la kumshusha mgeni kreta, na siku tatu za matembezi kati ya Ziwa Eyasi na geti la Lodoare, vyote huuzwa miezi mingi kabla ya safari, kwa mtu aliyeko Munich au Toronto, na mara nyingi kwa maandishi matupu. Mteja huyo hana cha kushika isipokuwa barua.

Kwa hiyo barua pepe katika biashara ya Karatu ndiyo kaunta, ndiyo profoma, ndiyo risiti. Wageni wa kimataifa walioingia nchini walikuwa zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2023, na zaidi ya milioni 2.1 mwaka 2024. Wengi wanaofika ukanda wa kaskazini hupita Karatu kuelekea Ngorongoro. Fedha za awali za safari hizo husafiri kwa TT ya benki, na TT hufuata namba ya akaunti iliyoandikwa kwenye barua. Mwenye kuiandika barua hiyo ndiye anayeelekeza fedha.

Pamoja na hayo, wapo wafanyabiashara wanaotumia mamilioni ya shilingi kupaka rangi geti na kutengeneza tovuti yenye picha za tembo, huku jina lao la barua likiwa wazi kwa yeyote anayetaka kulitumia. Kinga ipo, imekuwepo kwa miaka mingi, na haiuzwi. Ni rekodi tatu zinazoitwa SPF, DKIM na DMARC. Biashara isiyo nazo hupata hasara ya pande mbili: barua zake za kweli hutupwa kwenye taka za mpokeaji, na barua za uongo zenye jina lake hupokelewa.

ASILI YA TATIZO

Utaratibu wa kupeleka barua pepe unaotumika hadi leo, uitwao SMTP, uliandikwa na Mmarekani Jon Postel mwaka 1982. Wakati huo mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara chache, na watumiaji walijuana. Hakuna aliyeona haja ya kumhoji mletaji barua kuwa kweli ametumwa na yule anayemtaja. Ni sawa na bahasha ya posta: mtu yeyote anaweza kuandika nyuma yake S.L.P. ya mtu mwingine, na karani wa posta hatauliza.

Watanzania hawahitaji kufundishwa ubaya wa jambo hili. Kila mwenye simu anaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Katika kupambana na uhuni wa simu, Serikali ilianzisha usajili wa laini kwa alama za vidole mwaka 2019, na kuanzia Januari 20, 2020 laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kufungwa. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa matapeli. Wananchi nao wamezoea kupiga simu kuuliza kabla ya kutuma fedha.

Barua pepe ina ugonjwa ule ule, lakini haina msimamizi wa namna hiyo. Hakuna ofisi inayomlazimisha mwandishi wa barua kuweka kidole kabla ya kuandika jina la loji ya mtu. Mlinzi wa jina ni mwenye jina mwenyewe. Asipoweka walinzi, dunia nzima huhesabu kwamba ameruhusu.

WALINZI WATATU

Ili kuelewa rekodi hizi, msingi ni jina la kikoa, yaani yale maneno yanayofuata alama ya @ kwenye anwani. Mtu anayesajili jina linaloishia na .co.tz, .tz au .com hupewa ukurasa wake katika daftari la majina la intaneti, linaloitwa DNS. Ukurasa huo unasomwa na kila seva duniani. Rekodi zote tatu ni mistari ya maandishi inayowekwa hapo.

SPF ni orodha ya matarishi. Kiwango chake kinachotumika kilichapishwa mwaka 2014. Mwenye kikoa hutaja seva zinazoruhusiwa kubeba barua kwa jina lake. Loji inayotumia huduma ya barua ya Google, kwa mfano, huandika v=spf1 include:_spf.google.com -all. Alama ya mwisho, -all, maana yake ni kwamba wengine wote si wetu. Ikiandikwa ~all, maana yake ni kwamba wengine watiliwe shaka. Seva ya mpokeaji husoma orodha, huangalia barua imetoka kwenye mashine gani, kisha huamua.

Orodha hii ina masharti yake. Kikoa kimoja kiwe na mstari mmoja tu wa SPF. Ikiwekwa miwili, kama inavyotokea fundi mpya anapoongeza wake bila kuufuta wa fundi aliyeondoka, yote miwili huhesabika kuwa ni batili. Aidha, orodha isimlazimishe mpokeaji kuuliza daftari la DNS zaidi ya mara 10, vinginevyo nayo hukataliwa.

DKIM ni muhuri, na kiwango chake ni cha mwaka 2011. Seva ya mwenye barua hushika ufunguo wa siri, na kwa ufunguo huo huigonga kila barua sahihi ya kidijitali. Ufunguo wa wazi wa kuhakiki sahihi hiyo huwekwa kwenye DNS. Mpokeaji akikuta sahihi na maandishi haviendani, anajua barua imechezewa njiani au muhuri ni wa kughushi. Mtu akibadilisha namba ya akaunti baada ya barua kugongwa, muhuri unavunjika.

Hata hivyo, wawili hao peke yao hawatoshi. Barua pepe ina anwani mbili za mtumaji: moja ya juu ya bahasha, ambayo msomaji haioni, na nyingine ya ndani, ambayo ndiyo anayoisoma. SPF hukagua ile ya bahasha. Tapeli mjanja huweka kikoa chake mwenyewe juu ya bahasha, chenye SPF safi kabisa, kisha ndani akaandika jina la loji ya Karatu. Mlinzi wa kwanza atamruhusu apite.

Hapo ndipo inapoingia DMARC, iliyochapishwa rasmi mwaka 2015. Hii ni amri ya mwenye nyumba kwa mlinzi wa geti. Inasema kwamba jina analoliona msomaji lazima liwiane na jina lililothibitishwa na SPF au DKIM. Angalau moja kati ya hizo lazima lipite na lilingane. Kisha inatoa agizo kuhusu barua iliyoshindwa. Agizo la p=none linamtaka mpokeaji asichukue hatua yoyote ila atoe taarifa. La p=quarantine linataka barua itiliwe shaka, kwa kawaida ipelekwe kwenye taka. La p=reject linataka ikataliwe kabisa.

DMARC pia huleta taarifa. Watoa huduma wakubwa hupeleka kwa mwenye kikoa, kwa kawaida kila siku, muhtasari wa seva zilizotuma barua kwa jina lake, zipi zilipita na zipi zilishindwa. Kwa mfanyabiashara, hii ni kama kupewa leja ya watu wote waliotumia jina lake sokoni siku hiyo. Ni vigumu kuona kwa nini mtu aikatae leja ya namna hiyo inapotolewa bure.

MASHARTI YA WANUNUZI YAMEBADILIKA

Hapo zamani mambo haya yalionekana kuwa ya mabenki na makampuni makubwa. PayPal ilikuwa miongoni mwa makampuni ya kwanza kupatana na Yahoo na Google, kwenye mwaka 2007 na 2008, kwamba barua zenye jina lake zisizo na muhuri zikataliwe. Nchini Uingereza, mamlaka ya kodi, HMRC, ilipoweka agizo kali la DMARC mwaka 2016, ilieleza kuwa barua za uongo zenye jina lake zilipungua kwa takriban milioni 300 katika mwaka huo. Oktoba 2017, Serikali ya Marekani iliziagiza idara zake za kiraia zifike kwenye p=reject ndani ya mwaka mmoja.

Kilichobadilisha hesabu kwa wadogo ni Februari 2024. Kuanzia mwezi huo, Google na Yahoo zilianza kudai kila anayetuma barua kwa wateja wao awe na SPF au DKIM, na kila anayetuma kwa wingi awe na zote mbili pamoja na DMARC. Kwa Google, wingi huo ni barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda kwenye anwani za Gmail. Malalamiko ya wapokeaji kwamba barua ni taka yasifike asilimia 0.3. Microsoft ilifuata Mei 5, 2025 na masharti yanayofanana kwa wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda anwani za Outlook, Hotmail na Live.

Mwenye loji ya vyumba 12 anaweza kusema hatumi barua 5,000 kwa mwaka, hivyo sheria hizo hazimhusu. Hesabu hiyo ina kasoro. Kwanza, sharti la kuwa na SPF au DKIM ni la watumaji wote. Pili, tovuti ndogo hukaa kwenye seva moja na mamia ya tovuti nyingine. Jirani mmoja akituma uchafu, sifa ya seva nzima inachafuka, na barua ya profoma kutoka Karatu huadhibiwa pamoja naye. Muhuri wa DKIM wenye jina la loji yenyewe humpa mwenye loji sifa yake binafsi, isiyomtegemea jirani peke yake.

Tatu, mnunuzi hasubiri. Mgeni anayepanga safari huandika kwa loji tatu au nne kwa pamoja. Inayojibu na jibu likaonekana ndiyo inayouza. Iliyojibu jibu likaangukia takani huhesabika kuwa haikujibu, na mwenyewe hatajua. Atasema msimu mwaka huu ni mbaya, ilhali msimu ulikuja na ukampita jirani.

HASARA INAVYOINGIA

Chukua mfano wa familia ya watu wanne iliyopanga safari ya dola 8,000. Malipo ya awali ni asilimia 30, yaani dola 2,400. Mawasiliano yamekwenda vizuri kwa wiki mbili. Siku moja familia inapata barua yenye jina lile lile la loji, ikisema kwamba akaunti ya zamani inakaguliwa na benki, hivyo fedha zipelekwe kwenye akaunti nyingine. Kikoa cha loji hakina DMARC, barua inapokelewa, TT inatumwa.

Mgeni anafika Karatu akiwa na karatasi ya benki mkononi. Loji haijapata hata senti moja. Kwa upande wa haki, kila mmoja ana lake la kusema. Kwa upande wa biashara, mwenye loji ana njia mbili tu: amlaze mgeni kwa hasara, au amrudishe getini na asubiri habari hiyo isomwe na wageni wengine wote wajao. Kurudisha fedha zilizokwisha kupita benki mbili au tatu ni kazi ngumu, na kila saa inayopita inapunguza matumaini.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua udanganyifu na kughushi kwa njia ya kompyuta kuwa ni makosa. Ni jambo jema. Lakini sheria huanza kazi fedha zikiwa zimeshaondoka, na mara nyingi mhalifu yuko nchi nyingine.

Wala wakubwa hawakuachwa. Raia wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alizilaghai Google na Facebook zaidi ya dola milioni 100 kati ya mwaka 2013 na 2015 kwa kujifanya ni muuzaji wao wa vifaa, akitumia barua na ankara za kughushi. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitano Desemba 2019. Mnigeria Ramon Abbas, aliyejulikana kwa jina la Hushpuppi, alikamatwa Dubai mwaka 2020 na Novemba 2022 akahukumiwa nchini Marekani kifungo cha zaidi ya miaka 11. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa katika kesi yake ni kampuni ya mawakili ya New York iliyopoteza karibu dola 923,000 baada ya kufuata maelekezo ya malipo yaliyotoka kwenye barua ya uongo. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea taarifa za hasara ya aina hii ya takriban dola bilioni 2.9 kwa mwaka 2023 na bilioni 2.77 kwa mwaka 2024. Kama makampuni yenye majengo yaliyojaa wataalamu yalidanganyika, karani mmoja wa mapokezi hana sababu ya kujiona salama kwa kuwa ni mdogo.

PASIPOFIKA KINGA HII

Ni haki kusema pia mipaka ya rekodi hizi, maana mwenye kuuza dawa ya magonjwa yote huwa anauza maji. SPF, DKIM na DMARC hulinda jina halisi. Hazizuii mtu kusajili jina linalofanana, lenye herufi moja iliyoongezwa au kistari katikati, na kuliwekea rekodi safi. Wala hazisaidii kama mwizi ameiba nywila na kuingia ndani ya sanduku la barua la loji lenyewe. Barua atakayotuma kutoka humo itagongwa muhuri halali.

Kwa hiyo kinga hii huenda pamoja na nyingine. Nywila iongezewe uthibitisho wa hatua ya pili kupitia simu au programu. Namba ya akaunti ya benki isibadilishwe kwa barua pekee, na hili liandikwe kwenye profoma ya kwanza kabisa: mteja akipata barua ya kubadilisha akaunti, apige simu kwenye namba aliyokuwa nayo tangu mwanzo. Na mwenye uwezo asajili majina mawili au matatu yanayokaribiana na la kwake kabla mwingine hajayachukua.

Hata hivyo, kufuli lisilozuia kila mwizi bado ni kufuli. Mlango mkubwa ukifungwa, mwizi hulazimika kupita dirishani, na huko ni rahisi zaidi kumwona.

HOJA ZA WANAOSITA

Hoja inayosikika sana ni kwamba siku hizi mambo yote yanakwenda kwa WhatsApp. Kwa mnunuzi wa vitunguu wa Arusha au Nairobi, ni kweli. Lakini wakala wa utalii wa Ulaya huweka kumbukumbu zake kwenye barua pepe, benki yake humwomba ankara, na mgeni anayeombewa viza au bima huhitaji uthibitisho wa maandishi. Ukifunga dirisha la barua pepe, unabaki na wateja wa jirani.

Hoja ya pili ni ya wale wanaotumia anwani za bure za Gmail au Yahoo. Hao hawawezi kuweka rekodi yoyote, kwa kuwa kikoa si chao. Yahoo ilihamia p=reject tangu Aprili 2014. Fomu ya tovuti inayotuma barua kwa anwani ya Yahoo kupitia seva nyingine hukataliwa na wapokeaji wanaofuata agizo hilo. Aidha, anwani ya bure inaweza kufunguliwa na mtu yeyote kwa kuongeza tarakimu moja mwishoni, na mteja hana namna ya kutofautisha. Jina la kikoa ni gharama ya mwaka isiyozidi usiku mmoja wa mgeni katika loji nyingi. Chini ya .tz yapo hata majina ya hoteli yanayoishia na .hotel.tz.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi: kwamba agizo kali likiwekwa vibaya litazikataa barua za loji yenyewe. Ni kweli kabisa. Biashara moja inaweza kuwa na barua zinazotoka kwenye huduma ya ofisi, fomu ya tovuti, mfumo wa kuhifadhi vyumba, programu ya hesabu, na huduma ya kutuma matangazo ya msimu. Ukisahau mmoja na kuamuru p=reject, unajifungia nje ya duka lako. Lakini hiyo ni sababu ya kwenda kwa hatua. Haimpi mtu ruhusa ya kukaa.

HATUA KWA HATUA

Kazi huanza kwa kuuliza nani anashika jina. Si mara moja inatokea kwamba kikoa cha biashara kimesajiliwa kwa jina la kijana aliyetengeneza tovuti, naye amehama au amegombana na mwenye mali. Hilo ni kama hati ya kiwanja kuandikwa kwa jina la fundi mwashi. Kabla ya rekodi yoyote, mwenye biashara ahakikishe kwamba usajili uko kwa jina lake na nywila za DNS ziko mkononi mwake.

Pili, iandikwe kwenye karatasi orodha ya kila mfumo unaotuma barua kwa jina la biashara. Tatu, uandaliwe mstari mmoja wa SPF, na DKIM iwashwe kwa kila mfumo unaoikubali, kwa ufunguo wa biti 2048 panapowezekana. Nne, iwekwe DMARC yenye p=none na anwani ya kupokelea taarifa. Taarifa hizo huja kwa lugha ya mashine iitwayo XML, lakini zipo huduma za kuzigeuza ziwe majedwali yanayosomeka.

Baada ya wiki kadhaa za kusoma taarifa na kurekebisha waliosahaulika, agizo lipandishwe kuwa p=quarantine, kisha p=reject. Kipindi kizuri cha kazi hii ni miezi ya mvua za masika, wageni wanapopungua, ili kosa likitokea lisikutane na msimu wa Julai. Mabadiliko ya DNS huenea kwa dakika chache hadi siku moja au mbili.

Wengi huishia kwenye p=none na kudhani wamemaliza. Hiyo ni sawa na kuajiri mlinzi na kumwambia aandike tu namba za magari ya wezi huku akiwafungulia geti. Hatua hiyo ni ya kupita, si ya kuhamia.

Kupima matokeo hakuhitaji fundi. Tuma barua kutoka ofisini kwenda anwani yoyote ya Gmail, kisha fungua maandishi yake asilia. Humo kuna mistari ya SPF, DKIM na DMARC, kila mmoja ukiwa na neno PASS au FAIL. Mwenye PASS tatu amefika mahali pazuri.

KWA WENYE KUWEKEZA

Mtu anayenunua hisa katika loji, anayeingia ubia wa kambi, au anayekopesha chama cha wakulima wa kahawa kinachouza moja kwa moja nje, huuliza kuhusu hati ya ardhi, leseni, kodi na mikopo. Inafaa aongeze maswali mengine machache. Kikoa kimesajiliwa kwa jina la nani? Rekodi tatu zipo? Agizo la DMARC ni lipi? Taarifa zake husomwa na nani? Na malipo yakibadilishiwa akaunti, utaratibu wa kuhakiki ni upi?

Majibu hupatikana kwa nusu saa, maana rekodi za DNS ziko wazi na mtu yeyote anaweza kuzitazama bila kuomba ruhusa. Meneja anayejibu bila kubabaika huonyesha kwamba anajua fedha za kampuni zinaingilia mlango gani. Anayesema hayo ni mambo ya fundi wa kompyuta ametoa jibu pia. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na loji hushika nakala za pasi za kusafiria za mamia ya wageni, nyingi zikiwa zimepita kwenye barua pepe.

Vyama vya wenye biashara navyo visikae pembeni. TATO, chama cha mawakala wa utalii chenye makao Arusha, na chama cha wenye hoteli, HAT, vina uwezo wa kuifanya kinga hii iwe desturi ya soko kwa kuwataka wanachama wawe na rekodi zinazopita. Mnunuzi wa nje akijua kwamba kila barua ya mwanachama ina muhuri, soko lote linafaidika. Na mmoja akidanganyiwa mteja wake, aibu haikai kwake. Huenea kwa wote wanaouza Ngorongoro.

Pale Lodoare, gari lisilo na kibali haliruhusiwi kupita hata dereva akiwa mcheshi vipi. Hakuna mfanyabiashara wa Karatu anayeona utaratibu huo kuwa ni usumbufu usio na maana, kwa sababu hifadhi ndiyo mali ya wote. Jina la biashara nalo ni hifadhi. Kuliwekea geti hakugharimu fedha, kunagharimu siku chache za kazi na uangalifu wa wiki kadhaa. Atakayeahirisha hadi apate mteja aliyeibiwa atalipa bei kubwa zaidi, na atailipa katikati ya msimu.